Nawar na Lugha Aliyoichagua

Wiki ya mwisho kabla ya Ramadhani, ukitaka kujua Maskati ina watu kiasi gani, nenda duka kubwa lolote la Bawshar baada ya magharibi. Toroli zinagongana, watoto wanalia, mafuta ya kupikia yanabebwa kwa katoni, na kwenye mizani ya mboga foleni inafika mpaka kwa wauza samaki. Katika foleni hiyo, mfuko wa bamia mkononi na uvumilivu ukimwishia, alisimama kijana mmoja anayeitwa Jaifar.

Jaifar alikuwa mwongoza ndege. Kazi yake ilikuwa kukaa juu ya mnara wa uwanja wa ndege na kuzungumza na marubani wa dunia nzima, na kazi hiyo ilikuwa imemfunza sikio. Msikilizishe mtu akisema maneno machache tu, atakwambia kwao wapi. Mmalayali wa kusini ya India, Mmisri, Mturuki, hakosi. Alijivuna kwa jambo hilo mpaka kwao walikuwa wamemchoka.

Sasa mbele yake palikuwa na mwanamke anazungumza na simu. Alivaa abaya ya kijani cha zeituni iliyotariziwa uzi wa fedha mikononi, shela imeteleza kidogo nyuma, na miguuni raba nyeupe zilizokwisha kutembea sana. Jaifar alitega sikio kwa mazoea tu, akangoja lile jibu linalomjia kila siku. Halikuja. Kifarsi sicho, Kibaluchi sicho, Kijerumani pia sicho. Kulikuwa na sauti moja inapita ubavuni mwa ulimi na upepo mwingi, kulikuwa na *kh* nzito ya kama Kiarabu, halafu maneno yakapanda na kushuka kama mtu anayeimba bila kujua kwamba anaimba. Vinyweleo vya mikono vilimsimama. Miaka yote ile alidhani amekwisha kusikia kila kitu kinachotoka kinywani mwa binadamu, na hapa, mbele ya bamia, anasikia kitu kipya kabisa.

"Hii lugha gani tena, mamaangu?" alinong'ona peke yake, kwa Kiswahili cha mama yake wa Zanzibar.

Mwanamke aliaga simu yake, akageuka. Macho makubwa, na kicheko kiko karibu.

"Unasikiliza simu yangu?" alimuuliza, naye kwa Kiswahili, tena cha Unguja kilichonyooka.

Jaifar alitaka ardhi ya duka impasukie. "Sikusikiliza. Nimesikia tu."

"Tofauti yake nini?"

"Anayesikiliza hufahamu. Mie sijafahamu hata neno."

"Haya, kisia basi. Unaonekana mtu wa kukisia."

"Kifini."

"Hapana."

"Kiarmenia."

"Umekwenda mbali zaidi. Sogea, foleni imetembea."

Alisogea. Akamwambia, kwa unyenyekevu ambao dada zake wasingeuamini, kwamba kukisia lugha ndiyo fahari yake pekee na kwamba usingizi hatoupata. Yule mwanamke alimtazama, akaitazama ile kofia yake ya kushonwa kwa mkono, akapima. Akaichukua simu ya Jaifar, akasema ndani yake sentensi moja kwa lugha ile ile, akairekodi, kisha akaandika namba.

"Ukiijua ni lugha gani, nipigie. Usipoijua, usinisumbue."

"Na jina?"

"Nawar."

Msije mkadhani Nawar alikuwa mtu wa kugawa namba yake kama vipeperushi. Hakuwahi kufanya hivyo kabla, na alipofika kwenye gari yake alikaa muda akiushangaa mkono wake mwenyewe.

Kesho yake Jaifar aliwasikilizisha mnara mzima. Loai, mwenzake wa zamu, alisema kwa uhakika mkubwa kwamba ni Kiaislandi. Mwengine alisema si lugha, ni mtu anacheza. Mwisho Jaifar aliitegeshea simu programu ya kutambua lugha, na programu ikamjibu papo hapo. Aliona haya kidogo, lakini haya haikumzuia kupiga.

"Kiwelisi," alisema tu alipopokelewa.

"Umejua mwenyewe?"

"Simu imenisaidia."

"Angalau mkweli. Na umejua nimesema nini?"

"Nimesoma tafsiri. Umesema hulijui jina langu bado."

"Na mpaka sasa silijui."

"Jaifar."

"Jaifar," alirudia Nawar taratibu, na Jaifar, aliyezoea kusikia jina lake kutoka kwa watu wote, alikaa chini.

Ramadhani nzima walizungumza baada ya futari. Alijua kwamba Nawar anakaa Mabela kwa wazazi wake, kwamba ni msanifu wa majengo katika ofisi moja Qurum, na kwamba alipokuwa mtoto baba yake, daktari, alipelekwa kusoma na kufanya kazi Welisi, magharibi ya Uingereza, familia nzima ikafuatana naye. Baada ya Iddi walianza kuonana. Huegesha magari yao ubavu kwa ubavu karibu na ufukwe wa Qurum, moja limeangalia bahari na jengine limeipa mgongo, vioo chini, na kijana wa chai akiwapitishia karaki, chai ya maziwa na iliki, madirishani. Kila mtu garini mwake, na adabu imetimia.

"Nifahamishe," Jaifar alimwambia jioni moja. "Kule si wanasema Kiingereza?"

"Wanasema. Na wanacho chao cha zamani zaidi, kimekaa hapo hapo ubavuni mwa Kiingereza karne baada ya karne na hakijafa. Vibao vya barabarani vimeandikwa kwa lugha mbili. Shuleni kila mtoto anakisoma. Wengine kwao wanakisema, wengine wanakikuta darasani kama mimi. Tukafika masomo ya juu ya sekondari, ile miaka miwili ya mwisho, ukachagua: Kiwelisi kama lugha ya pili. Darasa letu tulikuwa wachache, tunaenea meza moja."

"Kwako si ya pili. Ni ya nne."

"Ndivyo alivyokuwa akisema Mwalimu Idwal. Anacheka mpaka miwani inaanguka."

Alimweleza yaliyomo katika masomo yale: mchezo wa kuigiza usome mpaka uwajue watu wake kama jirani zako, mashairi uyachambue ubeti kwa ubeti, filamu uijadili, kisha mtihani wa kuzungumza, ambapo unakaa mbele ya mtahini na huna pa kujificha. Alimweleza siku ya kwanza aliyoota kwa Kiwelisi. Na alimweleza kwamba kabla hajaumaliza mwaka wa pili, kazi ya baba ilikwisha, wakarudi Maskati, na mtihani ukabaki nyuma.

"Sasa nimejisajili," alisema. "Mtahiniwa wa kujitegemea. Mwezi wa tano nakwenda kuumaliza."

"Utakufaa nini hapa?"

Alimtazama juu ya kikombe. "Kiarabu nilipewa na baba. Kiswahili nilipewa na bibi. Kiingereza nilipewa na shule. Hicho nilikichagua mwenyewe, Jaifar. Ni kitu pekee nilichokianza kwa kupenda, na kimekatika katikati. Kila nikikikumbuka najiona nimekatika hapo hapo."

Jaifar alimwangalia mwanamke huyu ambaye kichwani mwake zimo nchi ngapi sijui, zinakaa kwa amani, na akajiona mtu mwenye bahati kubwa isiyo na sababu. Alimwambia hivyo hivyo. Nawar akapandisha kioo nusu ili asionekane uso.

Ikafika siku ya wanawake kwenda kuonana. Mama yake Jaifar, Bi Masouda, alivaa shela ya rangi ya zafarani na bangili zake zote, akafuatana na binti yake Afra mpaka Mabela. Mama yake Nawar, Bi Muhsina, aliwapokea kwa udi, halwa na kahawa. Mambo yalikwenda vizuri sana. Bi Masouda alikwisha kumpenda binti, na alikuwa anatafuta njia ya kulisema jambo la posa, simu ya Nawar ilipolia.

Lazima nikueleze mtindo wa Mwalimu Idwal. Mzee yule alikuwa amestaafu, lakini kwa ajili ya Nawar alirudi kazini bila mshahara. Aliona kwamba mwanafunzi wake anaandika vizuri, anasoma vizuri, ila akiulizwa asilojiandalia hubabaika. Basi akaweka sharti: atampigia bila ahadi, wakati wowote wa mchana, amuulize anaona nini sasa, na Nawar, popote alipo, apokee na aeleze palepale kila anachokiona mbele yake, bila kusita. Akikosa kupokea hata mara moja, mzee ataacha.

"Samahanini, ni mwalimu wangu," alisema Nawar, akapokea.

Akaanza kueleza. Alisema mbele yake ameketi mwanamke mzuri, shela yake ya zafarani imeng'arisha chumba kizima. Alisema jina lake ni Masouda, mama yake Jaifar, mzaliwa wa Zanzibar. Alisema anatamani mikono yake mwenyewe, akizeeka, iwe kama ya Bi Masouda. Alisema mgeni kwetu akitosheka na kahawa hutikisa finjani, na hasa wakati ule Bi Masouda alikuwa anaitikisa yake. Mwalimu akauliza, je, akisahau kutikisa? Nawar akasema, atamiminiwa mpaka kesho. Mzee akacheka kwa sauti, kicheko cha mwanamume, kikasikika sebule nzima.

Sasa mtazame Bi Masouda. Anasikia jina lake. Anasikia jina la mwanawe. Binti anamtazama usoni, anatazama mikono yake, anasema, na mwanamume anacheka. Na Bi Masouda mambo haya anayajua vizuri, kwa sababu ameyafanya yeye. Aliolewa katika nyumba ambayo mawifi hawajui Kiswahili, na Kiswahili kilikuwa ndicho chumba chake cha siri. Akitaka kumsema mtu mbele ya mtu, hapo hapo hugeuza lugha. Kwa watu wengi wa nyumba kama zake, mtu akigeuza lugha mbele ya mgeni, mgeni ndiye anayesemwa.

Aliweka finjani, akaaga, na posa haikutajwa.

"Kanisengenya mbele ya macho yangu," alimwambia Jaifar jioni. "Na mwanamme wake kwenye simu, wakinicheka. Mie nnazijua khabari hizi, mwanangu. Hunifundishi."

Na Jaifar, mwenye sikio la dunia nzima, badala ya kuuliza alipiga simu akiwa amekwisha kuhukumu.

"Ulikuwa unamwambia nini mtu yule, Nawar? Mama alikuwa mbele yako."

"Mwalimu Idwal? Nilikuwa kwenye mazoezi."

"Mazoezi ya kumtaja mama yangu na kucheka? Usingeweza kungoja waondoke?"

"Jaifar, nisikilize..."

"Mtu hageuzi lugha mbele ya watu ila ana la kuficha. Sisi tumekulia humo. Tunajua."

Simu ilikaa kimya hata Jaifar akadhani imekatika.

"Unajua," alisema Nawar, na sauti yake imepoa kabisa, "nilipokuwa na miaka kumi na saba tuliingia duka la mikate kule, mimi na wenzangu wa darasa, tunajizoesha Kiwelisi. Mwanamke mmoja akasema kwa sauti, tazameni, wamegeuza lugha kwa sababu nimeingia mimi. Tulikuwa tunaisema tangu nje, Jaifar. Yeye ndiye aliyeingia. Nilidhani maneno yale nimeyaacha huko huko. Sikujua yatanifuata mpaka kwetu, kwa sauti yako."

Akakata. Na kweli ilikuwa imekatika sasa.

Siku zilizofuata Mwalimu Idwal alipiga, na Nawar alipokea kama sharti lilivyo, lakini maneno hayakutoka. Aliona meza, akajua meza inaitwaje, akashindwa kuisema. Kila akifungua kinywa alijisikia mtu anayetuhumiwa. Mzee alingoja, akasikia pumzi tu, akamwambia kwa upole wajaribu kesho. Kesho ikawa ile ile. Tikiti ilikuwa imekwisha kukatwa, na Nawar alimwambia mama yake anafikiria kuirudisha. Bi Muhsina alimwandalia sanduku.

Huku Bawshar, kwa kina Jaifar, siku moja ya Ijumaa, Bi Masouda alikuwa sebuleni na simu sikioni, anasema Kiswahili kwa nguvu na kucheka. Wifi yake Zuwaina, dada wa mumewe, mtu wa Nizwa asiyejua neno la Kiswahili, alikuwa ameketi mkabala wake. Jaifar alikuwa mlangoni, anavua viatu.

Simu ilipokwisha, Zuwaina aliuliza kwa Kiarabu, bila ugomvi, "Umemaliza kunisema?"

"Nilikuwa naagiza samaki, wallahi," alijibu Bi Masouda. "Nimemwambia asiniletee wale wa juzi, walikuwa wananuka."

"Na mwaka ule wa harusi ya mwanangu Azzam?"

Bi Masouda alifungua mdomo, akaufunga. "Mwaka ule nilikusema kweli. Nisamehe. Lakini leo ni samaki."

"Miaka yote nimekaa na wewe," alisema Zuwaina, "sijapata kujua lini ni samaki na lini ni mimi. Nikaamua kila siku ni mimi. Nimechoka, Masouda."

Bi Masouda alivua bangili moja, akaivaa tena. Alipomwona Jaifar mlangoni alishuka kwenye Kiswahili, kisha akajirudi mwenyewe akasema kwa Kiarabu ili Zuwaina naye asikie.

"Yule binti alisema ni mwalimu wake. Nilimsikia. Sikutaka kumsikia, kwa sababu nilijipima mimi mwenyewe nikamvisha yeye." Akamwonyesha Jaifar viatu alivyovivua. "Nenda, mwanangu. Kabla hajasafiri."

Jaifar alipiga, hakupokelewa. Aliandika, hakujibiwa. Alipata khabari kwa Afra tu, aliyempigia Bi Muhsina, kwamba Nawar anaondoka kesho yake mchana, na kupitia kwake akalipata lile swali la Mwalimu Idwal. Usiku ule Jaifar alikaa na sentensi moja ya Kiwelisi, akaisema na kuisema mpaka ulimi ukamuuma. Loai alipomsikia kazini kesho yake alimuuliza kama anaumwa na jino.

Nawar alikuwa ameketi kwenye ukumbi wa wasafiri, mkoba mapajani, ile abaya ya zeituni mwilini, anatazama ndege nje bila kuziona. Simu ililia. Namba ilikuwa ya ofisi za uwanja wa ndege, akadhani ni habari ya mzigo wake. Akapokea.

"Beth wyt ti'n ei weld nawr?" ilisema sauti. *Unaona nini sasa?* Herufi zimepinda, upepo umetokea pasipo pake, kila kosa linaloweza kufanywa limefanywa.

Nawar aliijua sauti. Moyo ulimpiga kwa hasira na kwa kitu kingine. Alitaka kukata. Lakini hilo ndilo swali la mwalimu, na miezi mingi mwili wake ulikuwa umefundishwa kulijibu kabla akili haijakataa. Kinywa kilifunguka chenyewe.

Akasema. Mwanzo taratibu, vioo, ndege, mtoto anayeburura sanduku. Kisha maneno yakaja yenyewe, yakasukumana, akayasema yote kwa lugha aliyoichagua, kwa sauti kamili, na watu wa viti vya karibu wakageuka kumtazama na yeye asijali. Alilia kidogo, akaendelea. Alicheka pahala, akaendelea. Upande wa pili Jaifar alikuwa amesimama ngazini chini ya mnara, mapumziko yake yanakwisha, mkono umefunika sikio la pili, hafahamu hata neno, na hajapata maishani mwake kusikiliza mtu hivyo. Alihisi amesimama nje ya nyumba kubwa yenye taa, na kuwa nje kwake hakukumuudhi.

Nawar akamaliza.

"Umefahamu?" aliuliza kwa Kiswahili.

"Hata neno moja."

"Na huniulizi nimesema nini?"

"Sikuulizi. Maneno yako. Ukitaka utaniambia, usipotaka basi." Akakaa ngazini. "Nilikukosea, Nawar. Uliniambia ni mwalimu wako, nami nikakugeuza mwizi kwa sababu nyumbani kwetu tumezoea kuiba. Mama anajua. Ametaka radhi kwa shangazi Zuwaina, na kwako anangoja ruhusa tu."

Nawar alifuta uso kwa ncha ya shela. Ndipo alipogundua kwamba muda wote ule hakutafuta neno hata moja. Yalikuwepo yote, yanamngojea.

"Jaifar."

"Naam, roho yangu."

"Lafudhi yako mbaya sana."

"Najua."

"Nikirudi, mama yako aje. Na shangazi Zuwaina aje naye, akae mbele. Waje na wazee. Mie nipo radhi."

Jaifar alijaribu kujibu kwa lugha zote alizozijua, na zote zikamkimbia.

"Mbona kimya?" aliuliza Nawar. "Unalia?"

"Silii. Ni vumbi la uwanja."

"Haya, pangusa vumbi urudi kazini. Ndege yangu isije ikakosa wa kuiongoza."

Mtihani aliufanya, na alifaulu vizuri. Mwalimu Idwal alimwandikia Bi Masouda salamu ndefu, na Nawar akazisoma na kuzifasiri mbele ya watu wote. Walioana mwanzo wa baridi, na Zuwaina ndiye aliyemfunga bibi harusi shela.

Yale aliyoyasema siku ile ukumbini, dakika zote zile, mimi ninayesimulia haya ninayajua, maana msimulizi hafichwi kitu. Lakini Jaifar anaishi naye, anakula naye, na mpaka leo hajamuuliza. Basi na sisi tusiulize.